Mtoto wa kakangu kawekwa laini ya ulinzi kwenye mpira wa Kimarekani. Hii kazi ikoje?

BintiKibokoni

Asalaam aleikum wanabaraza. Nawauliza nyinyi mnaokesha na mipira ya ng'ambo, maana hapa nyumbani kila mtu ana maoni na hakuna anayejua.

Mtoto wa kakangu alitoka hapa Mombasa kwenda chuo Marekani kwa ufadhili wa kurusha kisahani na tufe. Kijana ana mwili, urefu wake mita moja na sentimita 93. Mwaka wa kwanza alikuwa akitutumia picha za riadha, tukifurahi. Mwaka wa pili kocha wa ule mpira wao wa kuvaa helmeti akamwona akinyanyua vyuma, akamwita. Sasa kisahani kimekuwa cha pembeni na helmeti ndiyo kazi. Wamemweka kwenye laini ya ulinzi. Aliondoka hapa na kilo 108, na wanataka afike 130.

Juma lililopita katutumia video ya mechi. Tulikaa sote barazani, bibi yake kavaa miwani, simu tumeiegemeza kwenye birika la kahawa. Mpira hakuugusa hata mara moja! Anainama, anagongana na jitu jingine, wanasukumana kidogo, firimbi inalia, anarudi kuinama. Bibi akauliza, "Huyu wamemwita kucheza au kuteremsha magunia?" Kakangu hakucheka.

Naomba mnieleze anafanya nini hasa pale. Na je, kuna maisha? Yeye anaiota NFL, ile ligi yao kuu ya kulipwa, anasema wako watu wa Afrika waliofika. Mtu hucheza miaka mingapi, hulipwaje? Na hicho kichwa chake? Babake anataka amalize uhandisi arudi. Mimi sitaki kumkatisha tamaa, wala sitaki kumsukuma nisikokujua.

TaaZaKreni

Wa aleikum salaam Bi Kibokoni. Mie ni wa zamu za usiku Kilindini na huu mchezo ndio mwenzangu wa zamu. Jumapili mechi za kwanza huanza saa mbili usiku kwetu. Wakisharudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba zinakuwa saa tatu. Ile ya mwisho huanza saa tisa na dakika ishirini usiku, baadaye saa kumi na ishirini alfajiri. Sisi wa makontena twaimudu, wengine poleni.

Kwa ufupi: kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa hivi. Wakizipata wanapewa manne mengine, wakizikosa wanautoa mpira. Wanaweza kukimbia nao au kuurusha, na mrushaji ni kwotabeki, ndiye bwana harusi wa shughuli nzima.

Kijana wenu yuko upande wa kuzuia. Wao watatu au wanne ndio wa mwanzo kugusana na adui. Ama amzuie anayekimbia na mpira, ama apenye amwangushe kwotabeki mpira ukiwa bado mkononi mwake. Hilo la pili ndilo seki, na ndilo linaloandikwa vitabuni. NFL ilianza kuzihesabu rasmi mwaka 1982. Bruce Smith alimaliza na 200, na alizichuma kwa misimu 19. Reggie White ana 198. Michael Strahan alipata 22 na nusu katika msimu mmoja, mwaka 2001, na T.J. Watt akamfikia mwaka 2021. Nusu huja pale wawili wanapomwangusha pamoja. Sasa piga hesabu Bi: mtu anagongana mara mamia kwa msimu, akipata kumi tu ni nyota. Msimlaumu kijana kwa video moja.

Bora kuliko wote niliowaona mimi ni Aaron Donald. Timu ya Rams ilimchukua wa 13 vijana wa vyuo walipochaguliwa mwaka 2014, watu wakinung'unika kuwa ni mfupi kwa kazi ya ndani. Misimu kumi, seki 111, mlinzi bora wa mwaka mara tatu. Ile fainali ya Februari 2022 dhidi ya Bengals aliifunga yeye: jaribio la nne, kamkamata Joe Burrow, kamzungusha, Burrow akautupa mpira ovyo ukaanguka chini. Kwetu kulikuwa kushakucha, natoka zamu, nikapiga ukelele mbele ya geti mpaka askari akaniuliza kama nimeibiwa.

Namba93

Bi Kibokoni, shikamoo. Mimi nilicheza nafasi hiyo hiyo, chuo kidogo jimbo la Kansas, mpaka nikamaliza digrii. NFL sikuifika wala sikuikaribia, kwa hivyo sitasema kama mtu aliyekula mamilioni. Sasa nauza vipuri vya malori Changamwe, na goti langu la kushoto halipendi ngazi.

Nianze na vidole, kwani hapo ndipo kazi ilipo, na kwenye video hamkuweza kuviona.

Ukiinama pale, kati ya uso wako na wa mwenzako pana urefu wa mpira basi. Unasikia alichokula. Wageni hutazamana machoni, lakini macho ni ya kutishana tu. Wewe tazama mkono wake ulio chini. Vidole vikiwa vimekandamiza nyasi mpaka kucha zimepoteza damu, ujue uzito wake wote uko mbele: anakuja kukusukuma, mpira unakimbizwa. Vidole vikigusa juu juu na makalio yamekaa nyuma, anajiandaa kurudi kumlinda kwotabeki: mpira utarushwa. Hayo yote unayasoma kwa nukta moja huku pembe ya jicho iko kwenye mpira. Sauti ya kwotabeki usiifuate, anapaza sauti makusudi ili uruke kabla ya wakati, na ukiruka timu yako inatozwa yadi tano. Mpira ukitikisika ndipo unaondoka.

Halafu ni nani yuko chini. Mwenye bega la chini humwinua mwenzake, na aliyeinuliwa hana miguu tena. Mikono inampiga kifuani, viganja vimefunguka, vidole gumba juu, na lazima yako ifike kabla ya yake. Akikutangulia kukushika ndani ya kifua umekwisha, utavutwa huku na huku mpaka firimbi. Ukimtangulia una mlango: unapitisha mkono juu ya bega lake kama unaogelea, au unaupitisha chini ya kwapa lake kwa nguvu na bega linafuata, au unamsukuma tu moja kwa moja mpaka umkalishe kwenye mapaja ya kwotabeki wake. Mimi nilikuwa wa kusukuma. Kuogelea sikuwa na kasi nayo.

Ndiyo maana kocha alimtaka mrusha kisahani. Nguvu ya kisahani hutoka kiunoni, mguu unaanza, nyonga inafuata, mkono ni wa mwisho. Kupenya laini ni kitendo hicho hicho. Mwambieni kijana asome habari za Ezekiel Ansah wa Accra. Alikwenda chuo cha BYU, akajaribu mpira wa kikapu, akakimbia riadha, helmeti akaivaa mara ya kwanza mwaka 2010 hata hajui kuifunga pedi. Aprili 2013 Detroit Lions wakamchukua wa tano katika nchi nzima. Mwaka 2015 alipata seki 14 na nusu. Lakini asome mpaka mwisho: bega likaanza kumsumbua, akaenda Seattle, akaenda San Francisco mwaka 2020, msuli wa mkono ukachanika, na hapo ndipo palipokuwa mwisho. Toka kuchukuliwa mpaka kumalizika ni misimu minane, na hiyo kwa kazi hii ni mirefu.

Kuhusu bibi na magunia, hajakosea sana. Kuna walinzi wa pembeni na wa ndani. Wa pembeni ndio wanaopata seki na matangazo ya viatu. Wa ndani, hasa yule anayekaa uso kwa uso na anayetoa mpira, kazi yake mara nyingi ni kushikwa na watu wawili na asisogee. Wawili wakimshughulikia yeye, mwenzake wa nyuma yuko huru kuja kumwangusha mkimbiaji. Jina litakaloandikwa ni la huyo wa nyuma. Mechi yangu nzuri kuliko zote gazeti la chuo halikunitaja, na kocha Jumatatu alirudisha video mara nyingi kuonyesha miguu yangu. Kilo 130 inanipa harufu kwamba wanamtaka ndani. Muulizeni.

Na asidhani ndani ni kwa wazito tu wasiokimbia. Jordan Davis, aliyetoka Georgia akaenda Philadelphia Eagles mwaka 2022, alipimwa kilo 155 na akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78. Mtu wa kilo 155! Hao ndio atakaoshindana nao kazi.

Sasa maisha. Haruhusiwi kuingia NFL mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Kila Aprili timu 32 huchagua vijana kwa raundi saba, na hao waliochaguliwa husaini miaka minne. Asiyechaguliwa anaweza kupigiwa simu baadaye, asaini kwa kubahatisha. John Randle hakuchaguliwa na mtu mwaka 1990, walimwona mdogo. Inasimuliwa kuwa siku ya kupimwa uzito na Minnesota Vikings alificha mnyororo ndani ya nguo ili mizani ipande. Alimaliza na seki 137 na nusu na wamemweka kwenye jumba la mashujaa. Ila Randle ni mmoja. Kambi huanza Julai na watu 90 kila timu, mwisho wa Agosti wanabaki 53. Hao wengine siku hiyo hiyo wanarudisha kitabu cha mbinu na kuondoka, wachache wanabakizwa kikosi cha mazoezi.

Mshahara: mwaka 2025 mgeni aliye ndani ya wale 53 kiwango chake cha chini kilikuwa dola 840,000 kwa msimu. Kikosi cha mazoezi dola 13,000 kwa wiki, na wiki ukifukuzwa, umefukuzwa. Ukisikia hivyo hapa Mombasa unaanza kununua kiwanja Nyali kichwani. Subiri. Serikali kuu inachukua hadi asilimia 37 ya sehemu ya juu, majimbo mengi unayokwenda kucheza nayo yanadai chao, ajenti hadi asilimia tatu. Mkataba wanaoutangaza kwa mamilioni mara nyingi sehemu tu ndiyo yenye dhamana. Iliyobaki timu inaweza kukuacha na isiilipe. Donald mwaka 2022 alipandishiwa mkataba ukafika dola milioni 95 kwa miaka mitatu, sehemu kubwa yenye dhamana. Yeye alikuwa na nguvu ya kudai. Kijana wa raundi ya sita hana.

Chama cha wachezaji kimekuwa kikitaja wastani wa misimu 3.3. Pensheni unaanza kuipata ukishahesabiwa misimu mitatu. Soma sentensi hizo mbili pamoja, Bi. Ndiyo maana mtu wa laini atacheza na kidole kilichovunjika msimu wa tatu, anakifunga plasta na cha pili yake anaingia.

Kwa maoni yangu, uhandisi na helmeti havigombani kwa sasa. Michezo ndiyo inayolipa ada. Ugomvi utaanza siku atakapoacha kuhudhuria darasa kwa sababu mtu kamwambia ana kipaji.

MuuguziTudor

Nimeona wameruka swali la kichwa, na ndilo la kwanza kwangu.

Mwaka 2002 kule Pittsburgh daktari wa maiti Mnigeria, Bennet Omalu, aliupasua ubongo wa Mike Webster, aliyefariki ana miaka 50 baada ya kuteseka akili kwa muda mrefu. Aliona uharibifu ambao hakuna aliyekuwa ameuandika kwa mchezaji wa mpira huo, akauchapisha mwaka 2005. Webster alikuwa wa laini ya upande wa pili, yule hasa anayetoa mpira, yaani mtu anayegongana uso kwa uso na nafasi ya kijana wenu. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitoa habari ya bongo 111 za waliowahi kucheza NFL: 110 zilikuwa na maradhi hayo. Usiogope kupita kiasi kwa takwimu hiyo, maana zilizotolewa nyingi ni za watu ambao familia zao zilikuwa tayari zimeona dalili. Haisemi kwamba 110 kati ya 111 wa wote wanaumwa. Lakini haisemi pia kwamba ni salama. Na maradhi yenyewe hayathibitishwi mtu akiwa hai.

Watu wa laini hawapati ile ajali kubwa inayoonyeshwa kwenye habari mara kwa mara. Wao hupata migongano midogo, kila mpira unapotoka, mazoezini na mechini, na hiyo midogo ndiyo inayotutia wasiwasi. Mwaka 2022 NFL ilianza kuwalazimisha watu wa laini kuvaa kofia laini juu ya helmeti kwenye mazoezi ya kambi. Muulizeni kama chuo chake kinazo, na wiki wanagongana siku ngapi. Akisema kila siku, mimi singependa.

La pili ni hizo kilo. Toka 108 hadi 130 ni kilo 22. Kwa miaka miwili akiwa na mtu wa lishe na vyuma, sawa. Kwa miezi michache, kinachoongezeka ni tumbo. Kuna sukari nyumbani kwenu? Presha? Na muulizeni anayelala naye chumba kimoja kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini. Reggie White aliyetajwa hapo juu alifariki Desemba 2004 akiwa na miaka 43. Alikuwa na maradhi ya mapafu, na tatizo la kukatika pumzi usingizini lilitajwa kuwa huenda lilichangia. Shingo nene hufinya njia ya hewa hata kwa mtu mwenye misuli.

Namba93

Muuguzi yuko sawa, hasa kukoroma. Tuliokuwa wa ndani chuoni tulipangiwa chumba chetu peke yetu, na haikuwa heshima.

Niongeze kuwa zamani ilikuwa mbaya zaidi. Deacon Jones wa Rams, miaka ya sitini, alikuwa akimpiga mpinzani kofi la pembeni ya helmeti mpira ukitoka ili apate nukta moja ya kupita. Walilipiga marufuku mwaka 1977. Sheria hiyo nayo ilianza na mtu wa laini.

KapteniSkramu

Wakuu, samahani nakatiza uzi wa Bi. Mimi ni propu, msukumaji wa safu ya mbele ya skramu, nafanya mazoezi ya raga pale Mombasa Sports Club, kilo 121. Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Kwani sisi wa skramu hatuwezi? Kusukumana ndiko tunakojua. Na juzi naambiwa kuna mpira wa Kimarekani wa kunyang'anyana vitambaa kiunoni, unaingia Olimpiki Los Angeles 2028. Nianzie huko?

Namba93

Kapteni, huo wa vitambaa watu ni watano kwa watano na kugongana hakuna. Laini haipo! Ni mchezo wa wembamba wenye mbio. Kwa miili yetu, kwenda huko ni kwenda kushangilia.

Adongo alikuwa mtu wa mbio, walimweka nyuma ya laini na kwenye timu za mateke, zile zinazoingia mpira unapopigwa teke. Wewe uko karibu zaidi na Efe Obada. Alizaliwa Nigeria, akafikishwa London mtoto wa miaka kumi kwa njia ya watu waovu, akakulia kwenye malezi ya serikali, akaanza kucheza klabu ya London Warriors akiwa mtu mzima. Mwaka 2017 NFL ilianzisha mpango wa kuwachukua wachezaji wa nchi nyingine na kuwafunza, naye aliingia mwaka huo wa kwanza. Carolina Panthers wakampa nafasi 2018, mlinzi wa pembeni. Mwaka 2023 mguu ukamvunjika akiwa Washington. Yuko na C.J. Okoye, Mnigeria wa kikapu: mechi yake ya kwanza kabisa ya mpira huu maishani ilikuwa ya maandalizi akiichezea Chargers, Agosti 2023, na akapata seki. Tangu 2024 kila timu inaruhusiwa nafasi moja ya ziada kwenye kikosi cha mazoezi kwa mchezaji wa nje.

Osi Umenyiora ndiye anayezunguka Afrika kutafuta vijana. Alishinda fainali mbili akiwa New York Giants, na mwaka 2007 alipata seki sita katika mechi moja dhidi ya Eagles. Kambi ya kwanza Accra 2022, Nairobi ikafuata 2023. Fuatilia lini wanarudi. Ila fahamu kitu kimoja cha skramu: pale mnafungana ndipo mnasukuma, na refa anawaambia lini. Kwenye laini hakuna anayekuambia, na mwenzako hataki kufungana nawe, anataka kukupita au kukuangusha. Propu wengi hushindwa kwenye hatua ya kwanza, nguvu wanazo. Jipige video ukitoka mikononi na magotini mita tano. Usipofika haraka kuliko mbio zako za kawaida, anza hapo.

BintiKibokoni

Jamani Mungu awalipe. Nimempigia jana usiku, kwake mchana. Namba93 umegusa, wamemweka ndani, katikati kabisa. Nilipomuuliza habari ya vidole vya mwenzake vikipauka alinyamaza kisha akacheka, "Shangazi, nani kakufunza wewe?" Nimemwambia nina watu wangu.

Kilo ameniambia kocha wa vyuma kampa mpaka mwakani Agosti, na yuko 117. Anakula mara tano kwa siku, mayai ya asubuhi tu ni ya kulisha nyumba yetu nzima. Kofia laini wanazo. Kugongana kwenyewe siku mbili za wiki, siku nyingine wanavaa nyepesi. Kuhusu kukoroma amekataa, lakini mwenzake wa chumba kasikika nyuma akisema "mwambie ukweli." Hapo nitafuata. Na sukari tunayo upande wa bibi, ndiyo, Muuguzi. Nilikuwa sijaifikiria.

Sasa kuna jingine. Bwana mmoja hapa mjini amesikia habari, kaja kwa kakangu anajiita ajenti wa michezo. Anataka shilingi laki moja na nusu za kufungua faili, eti atampeleka kijana mbele ya timu za NFL. Kakangu, ambaye juzi alikuwa hataki mpira, leo anatafuta hiyo laki na nusu. Nifanyeje?

Namba93

Asitoe hata shilingi. Ajenti wa NFL lazima awe amesajiliwa na chama cha wachezaji, na anakula asilimia yake mchezaji akishalipwa mkataba. Hakuna faili. Timu za NFL hazihitaji mtu wa Mombasa kumwona kijana aliyeko Marekani, wanatuma watu vyuoni na video zote wanazo. Zaidi ya hayo, mwanafunzi akikubaliana na ajenti wa mikataba ya NFL kabla ya kumaliza zamu yake chuoni anaweza kuondolewa kwenye timu, na ufadhili ukamfuata. Mwambie kakako hivyo, kwamba hiyo saini inaweza kuua ada ya uhandisi. Ataelewa haraka.

Na ile barua ya ufadhili muisome upya kwa makini. Imeandikwa riadha au mpira? Akiumia goti nani anatibu, na mwaka unaofuata ada inaendelea? Mimi nilipoumia, chuo kililipa upasuaji ila mazoezi ya kulirudisha goti nilijitafutia. Muulizeni sasa akiwa mzima.

MuuguziTudor

Akija likizo apimwe sukari ya kufunga na presha, kituo chochote kitafanya. Na kipimo cha usingizi akifanye huko huko chuoni. Daktari wa timu akisikia "nakoroma" hatashangaa, ila mpaka aambiwe.

BintiKibokoni

Bibi yake ameshapitisha: akija Desemba ni sukari kwanza, pilau baadaye. Bwana wa faili nimemwambia alete namba yake ya usajili ya chama cha wachezaji. Kasema ataipigia picha. Tunamsubiri.

TaaZaKreni, bibi anauliza hiyo mechi ya saa mbili Jumapili unaitazamia wapi, anataka kumwona huyo mtu wa kilo 155 akikimbia.

TaaZaKreni

Kwa simu, Bi, bando la usiku. Kama Eagles wana mechi ya mapema Jumapili nitakutumia namna ya kuipata. Amtafute namba 90, katikati ya laini. Na mwambie asitazame mpira.